Mkono Uliopita Mbele ya Gitaa

Nilimwondolea sinia akiwa bado ameshika tonge. Sikulimwaga wala sikulisukuma. Nililinyanyua kwa mikono miwili, biriani na nyama zake na achari zake, nikageuka nalo jikoni, na wanaume waliokuwa wamelizunguka wakabaki na vidole hewani. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa ubaya wa jambo hilo. Mgeni hata akiwa hasimu wako, ukishamnawisha mikono ni wako mpaka ashibe. Na mimi nilikuwa nimemnawisha mwenyewe, kwa birika la mavyaa wangu, mama wa mume wangu.

Mavyaa alinifuata jikoni mbio, kanga yaburuzika chini.

"We mwana, umeingiwa na nini? Mgeni yule! Mwimbaji yule!"

"Namjua, mama."

"Wamwondolea mtu chakula kinywani? Watatuonaje watu wa Junda?"

"Watasema mkazamwana wenu hana adabu. Na wasemao watasema kweli."

Akaniangalia, akamwangalia mwanangu aliyelala mgongoni mwangu, akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Maskini, si kosa lake. Yeye alimwalika nyota wa Mombasa aje aimbe kwenye arusi ya mwanawe mdogo, na nyota akaja, na spika zake mbili. Alichokisema nyota huyo kwenye lile sinia nitakwambia. Lakini nikikwambia sasa utaona ni maneno ya kawaida ya wanaume wanaokula, utanihukumu kama walivyonihukumu wao. Twende kwanza Likoni, kwetu Timbwani, nikuonyeshe ua wa bibi yangu.

Jina la mwimbaji sitalitaja. Jina ndilo linalomlisha, na mimi simpi chakula tena.

Bibi alikuwa mpishi wa arusi. Nikisema mpishi usimfikirie mwanamke mwenye sufuria mbili. Yeye aliitwa toka Mtongwe mpaka Ng'ombeni, na watu waliweza kuahirisha arusi kwa sababu yeye ana homa. Nililelewa naye, kwa hiyo utoto wangu wote una harufu ya bizari nzima inayokaangwa na moshi wa vifuu. Asubuhi niliamshwa na honi ya feri, kisha na mwiko wa bibi ukigongwa ukingoni mwa sufuria, na kabla sijanawa uso nilikuta ungo wa mchele unaningoja. Kuchambua mchele ndiyo kazi niliyoichukia kuliko zote. Leo nikiuona ungo mahali, mikono inakwenda yenyewe.

Upande wa pili wa ua alikaa jirani. Ua wetu na wake uligawanywa na kitalu, uzio wa makuti, na katikati ya kitalu palikuwa na mwanya uliowekwa mlango wa mbao za sanduku. Mlango ule haukuwa na komeo. Kupitia pale yalikwenda mahamri na kurudi mbaazi, ulikwenda moto wa kuwashia na kurudi habari za mtaa. Mimi mwenyewe nilipita pale mara ngapi kwa siku, sijui. Nililala kwake nikitaka, nilikula kwake nikitaka. Yeye ndiye aliyenisuka nywele. Alikuwa na vidole vyepesi, na akisuka huimba kwa kuguna tu, bila maneno, nikisinzia kichwa kikiwa mapajani mwake.

Jirani hakujaaliwa mtoto. Waume wawili walimwacha kwa ajili hiyo. Mtaani hakuna aliyelisema mbele yake, na bibi hakuliruhusu lisemwe hata nyuma yake. Mwanamke mmoja alijaribu siku moja jikoni kwetu, akiwa anamenya vitunguu, na bibi akamwambia, "Kisu weka hapo, wende zako. Kitunguu changu hakimenywi na ulimi."

Na ilipofika wakati wa watu kusema msichana amekua sasa, shule inatosha, ni jirani aliyekuja pale mlangoni akamwambia babangu, aliyekuja kwa shauri hilo: "Huyu mwacheni asome. Ataandika tusiyoweza kuandika sisi." Basi nikasoma.

Sasa nikupe arusi nyingine, ya zamani, iliyoanza yote haya. Ilikuwa palepale Timbwani, baada ya alasiri, siku ya bibi arusi kutolewa nje wanawake wamtazame. Uani palitandikwa majamvi, turubai juu, wanawake wamejaa na kanga mpya, udi unafuka. Barazani waliketi wapigaji, na mbele yao kijana mmoja mwembamba mwenye gitaa la kuazima. Hatukuwahi kumsikia. Nywele alizipaka mafuta zikang'aa, na alikuwa akiimba taarabu ya kwetu huku gitaa analipiga kizungu, kwa haraka, mpaka wasichana wakawa wanafinyana. Nitasema haki: aliimba vizuri. Laiti angeimba vibaya.

Kutuza unakujua. Ubeti ukikugusa, au ukitaka umguse mtu, unainuka, unakwenda mbele ya mwimbaji mkono juu, unautikisa watu wauone, kisha unatia tuzo katika sahani yake. Huhitaji kusema neno. Ubeti uliouinukia ni wako sasa, umeununua, na mwenzako aliyekusudiwa atajijua. Wanawake wa kwetu wamegombana, wamepatana, wameachana na mashoga wa utotoni, yote kwa kuinuka au kutoinuka.

Bibi alikuwa nyuma ya nyumba na masufuria yake ya pilau. Maji yalikuwa yamekauka, kuni amezitoa, makaa ameyapalia juu ya vifuniko. Wenye arusi wakaja kumvuta: njoo ukae nasi kidogo, wewe kila siku wala moshi tu. Akakubali. Akajifuta mikono, akaingia, akaenda kuketi ndani kabisa, ubavuni mwa jirani aliyemwekea nafasi. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye nguzo ya baraza, karibu na sahani ya tuzo, kwa sababu nilitaka kuona vidole vya yule kijana vinavyokwenda juu ya nyuzi.

Kijana akaanza ubeti mpya. "Kisima kisicho maji, kamba wakitilia nini?"

Uani watu wakaanza kutazamana, waone nani atainuka. Kila mtu alilijua fumbo, na hapakuwa na haja ya kumtafuta mgumba pale. Jirani aliinamisha kichwa, akawa anachezea pindo la leso yake.

Na hapohapo bibi akainuka.

Alikuwa ameisikia harufu. Mimi nilikuja kuisikia baadaye, wali unaoanza kushika chini, lakini pua ya bibi ilikuwa mbele ya pua za watu wote. Njia ya kwenda jikoni ilipita mbele ya wapigaji, hapakuwa na nyingine. Basi akafanya anavyofanya mtu aliyelelewa: akajiinamisha, akanyoosha mkono mbele yake, akapita haraka huku akiomba njia, "Nipani ndia, mniwie radhi, nipani ndia." Lakini ngoma zilikuwa zinalia, nani angesikia? Watu waliona mpishi mashuhuri amenyanyuka toka ubavuni mwa shoga yake, mkono mbele, anamwendea mwimbaji kwenye ubeti wa kisima kikavu. Vigelegele vikapasuka. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Leo wameambiana!"

Bibi hakugeuka. Aliwaza wali tu. Alipita mbele ya sahani, na mkono wake ulikuwa mtupu, na kijana yule aliuangalia mkono ule, akaiangalia sahani, akamwangalia bibi akikata kona kwenda jikoni. Mimi nilikuwa pale. Naye akatabasamu, akaurudia ubeti. Akaurudia tena. Kila akiurudia, vigelegele vilizidi, na wanawake wakawa wanainuka kutuza kwelikweli, wakiufuata mkono wa bibi. Bibi aliporudi, pilau imesalimika, jirani hayupo.

Jioni ile mlango wa kitalu ulifungwa kwa kamba toka upande wa pili.

Bibi alikwenda kwake kwa mlango wa mbele kama mgeni. Alibisha, alibisha. Alisema wallahi kupitia dirishani. Alisema yuko tayari kushika msahafu. Lakini ndugu yangu, fumbo lina ubaya huo: ukilieleza umelikubali. Asiyehusika hajielezi. Kadiri bibi alivyojitetea ndivyo mtaa ulivyosema, mwoneni, dhamiri yamsuta. Jirani alitaka jambo moja tu, nalo lilikuwa la haki. Alisema, "Aulizwe aliyeimba. Kama hakutuzwa, aseme hakutuzwa, yaishe."

Kijana akaulizwa. Mjomba wangu ndiye aliyetumwa kwake, na alirudi na jibu ambalo mtaa mzima ulilisikia kabla hajavua viatu. Alisema: "Mimi naona mikono. Nyoyo za wanawake sizioni."

Wakacheka mitaani. Likawa neno. Jirani akamwita fundi, mwanya wa kitalu ukazibwa kwa makuti mapya, na mbao za mlango akazichoma moto.

Nilikua na kitalu kile kilichozibwa. Nilijifunza kujisuka mwenyewe, vibaya. Ramadhani ya kwanza, mwezi mzima, bibi alikuwa akipakua chakula cha futari sahani moja zaidi, kisha anasimama nayo mkononi, kisha anaila yeye mwenyewe wakati wa daku. Siku nilipopasi kwenda shule ya upili alinituma: "Enda kwa jirani ukambusu mkono. Pasi hino ni yake." Nilikwenda. Alinipa mkono, nikaubusu, ulikuwa unanukia mafuta ya nazi kama zamani. Nilipofika barabarani nikamsikia anapenga kamasi.

Na yule kijana? Yule alipanda, mwenzangu. Alipanda juu ya migongo yao. Alitunga wimbo, akamwita bibi yangu Bi Kituza wa Timbwani. Mara ya kwanza kuuimba ilikuwa Changamwe, kwenye ukumbi wa wafanyakazi, na waliokwenda walirudi Likoni wakiuimba ndani ya feri. Mimi nilikuwa ndani ya feri hiyo na sare ya shule, nikasikia wanaume nisiowajua wakimwimba bibi yangu. Mara ya pili alikwenda Magogoni, uwanjani, sasa ana gitaa la umeme na mashine ya kulitia moto, na suruali imembana kama ganda la ndizi. Kule aliongeza kisa: kabla ya kuimba husimulia, eti mashoga wawili, mmoja ana wajukuu, mmoja hana kitu, na huigiza. Akijiinamisha na kunyoosha mkono, watu hoi. Ule unyenyekevu wa bibi, ile adabu ya kupita mbele za watu, ndiyo aliyoifanya dansi. Vijana wa Kisauni waliicheza. Waliiita mtindo wa Kituza. Kila akirudi jukwaani, Tudor, Changamwe tena, Magogoni tena, kisa kilikuwa kirefu zaidi na bibi yangu mwovu zaidi. Mpaka redioni. Bibi aliizima redio ya mjomba kwa kuitia maji ya kuoshea mchele. Hiyo ndiyo hasira pekee niliyowahi kumwona nayo. Nilimwuliza kwa nini hatumshtaki, akaniambia, "Mwana wa watu apata riziki. Mungu yuaona." Mimi nilifikiri, Mungu aona, na sisi je, tumefumba?

Watu waliacha kumwita kupika. Si wote, si kwa mara moja. Lakini nani ataka mpishi ambaye wageni wakimwona tu huanza kuguna wimbo? Masufuria makubwa aliyafunika kifudifudi nyuma ya nyumba, kuku wakataga chini yake.

Jirani alifariki mwaka huu, mimi nimeshaolewa Junda, nikavuka kwenda msibani. Bibi alivaa buibui akaenda, kwa sababu wao wawili walikuwa wameahidiana toka ujana kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Mpwa wa marehemu alisimama mlangoni, si kwa jeuri, alikuwa analia pia. Akasema, "Bibi, tuwie radhi. Aliusia. Alisema wewe usimshike."

Bibi akarudi. Aliketi kitandani na buibui lake mwilini mpaka ikaadhiniwa magharibi, na alipoinuka kutawadha nilimwona kwa mara ya kwanza kuwa ni mzee.

Sasa rudi nami Junda, kwenye sinia.

Asubuhi ile ya arusi nyota alikuwa ameshapiga nyimbo zake, na katika wimbo wa Kituza alitia ubeti mpya. "Kisima kimefukiwa, na kamba haikushuka." Kaburi la jirani halijaota hata nyasi. Wanawake wa Junda walicheka. Hawajui, kwao ni wimbo tu. Mimi nilimeza. Nilijiambia, ni arusi ya shemeji yako, una mtoto mgongoni, meza.

Mchana nikawanawisha wanaume mikono, nikaleta sinia, nikasimama na birika nyuma ya pazia. Mume wangu, ambaye ni mpole kupita kiasi, alikuwa amemwambia kwa upole kwamba yule bibi wa wimbo ni bibi ya mkewe, na pengine sasa, mmoja amekwisha kufa, wimbo upumzike. Mwimbaji akacheka, tonge mkononi. Akasema:

"Bwana wewe! Yule bibi hakutuza hata upepo. Mkono ulikuwa mtupu kama huu wangu wa kushoto. Alikuwa akikimbilia sufuria yake. Lakini ningesema hivyo siku ile, leo ningekuwa wapi? Si ningekuwa bado napigia arusi za Timbwani kwa sahani ya kaimati?"

Wakacheka naye. Ndipo nikaingia.

Yeye alijua. Hakusahau, hakukosea, hakuona vibaya. Jirani aliomba neno moja toka kinywani mwake na kinywa kile kilikuwa nalo siku zote, kikalificha kama mtu afichavyo maji mbele ya mwenye kiu, miaka yote mpaka mwenye kiu akafa. Na alilisema juu ya biriani, kwa mzaha, kwa watu wasiolihitaji.

Mume wangu alinisihi ninyamaze mpaka sherehe za uhuru zipite. Nilimwambia hapo ndipo hasa. Nyota huyu amealikwa kuja kuimba Likoni kwenye uwanja wetu, usiku bendera ya Mwingereza itakaposhushwa na yetu kupandishwa, na bibi yangu anaweza kuusikia uwanja ule akiwa kitandani. Ngoma haipigwi Likoni bila kibali cha mudiri, msimamizi wa serikali wa huko. Basi kesho yake nilivuka mara mbili, kutoka Junda, upande wa Kisauni, hadi kisiwani na kutoka kisiwani hadi Likoni, na mtoto, mpaka afisi ya mudiri.

Karani alikuwa kijana mwenye heshima. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kalamu chini.

"Dada, hakuna sheria ya kumshtaki mtu kwa kunyamaza."

"Alinyamaza akaimba. Andika yote mawili."

"Na wakisema ni fitina ya wanawake?"

"Wakisema hivyo, waulize aliyeianza ni nani. Nipe karatasi, nitaandika mwenyewe."

Nikaandika, akapiga muhuri, akaniachia nakala. Ni hii:

*Kwa Bwana Mudiri, Likoni.*

*Mimi, mkazi wa Junda na mzaliwa wa Timbwani, nalalamika rasmi dhidi ya mwimbaji aliyeombewa kibali cha kuimba katika uwanja wa Likoni usiku wa uhuru. Mtu huyu aliulizwa, kwa ombi la mwanamke aliyeumizwa, kama bibi yangu alimtuza katika ubeti wa kumtukana mwanamke huyo. Alijua jibu ni hapana. Hakulitoa. Badala yake alitunga wimbo wa uongo, akauimba Changamwe, Magogoni, Tudor, Junda na redioni. Kwa sababu hiyo wanawake wawili waliopendana walitengana mpaka mmoja akafa, na aliyebaki alizuiwa kumwosha maiti.*

*Mbele ya mume wangu na wanaume wengine amekiri kwa kinywa chake. Mume wangu yuko tayari kuitwa. Ameniambia hivyo leo asubuhi, na nimemshika kwa neno lake.*

*Naomba asipewe kibali mpaka afanye mambo haya. Aende mchana, kwa miguu, mpaka mlangoni kwa wapwa wa marehemu, aseme mbele yao kwamba mkono ulikuwa mtupu na kwamba alijua. Kisha aliseme hilohilo uwanjani kwa spika zake, kabla ya wimbo wowote, taratibu, wazee wasikie. Wimbo wa Kituza usipigwe tena Likoni.*

*Siombi fidia. Siombi aombe radhi, kwa kuwa mwenye kuombwa yuko kaburini.*

*Bwana karani ameniuliza kama nitamsamehe akiyatimiza yote hayo, ili aandike kwamba shauri linaweza kupatanishwa. Nimemwambia aandike: hapana.*